Samaki, ndege na chura: misingi ya origami na pembetatu moja inayoizaa

Mwalimu wa darasa la sita ameniuliza hivi: "Nimejifunza kukunja korongo wa karatasi kwa kutazama video. Video ikizimwa, hatua zote zinanitoka kichwani. Nasikia wakunjaji wa Japani wanajua misingi michache tu na maumbo mengi yanatoka humo. Misingi hiyo ni mingapi, ina uhusiano gani, na nianze na upi kwa wanafunzi ambao wana karatasi za A4 tu? Halafu korongo wangu hutoka na bawa moja refu kuliko jingine, na shingo yake haichongoki. Nakosea wapi?"

Mwalimu, maswali yako yote yana jibu moja ndani yake, ndiyo maana nitajibu kwa urefu. Video inakufundisha mfuatano wa mikono: kunja hapa, geuza, fungua. Mfuatano usio na sababu husahaulika upesi. Ukijua kila mkunjo unatafuta nini kwenye karatasi, korongo utamkunja hata baada ya mwaka mzima bila kumgusa, na chura utamfikia bila kufundishwa upya.

Tuanze na maana ya msingi katika origami, sanaa hii ya kukunja karatasi. Ni hatua ya katikati ya kazi, pale karatasi haijafanana na kiumbe chochote lakini tayari ina ncha zote ambazo kiumbe huyo atazihitaji. Korongo anahitaji ncha nne ndefu: kichwa na shingo, mkia, na mabawa mawili. Msingi wa ndege unampa hizo nne, na juu yake ncha moja fupi ambayo huwa nundu ya mgongoni. Chura anahitaji miguu minne na kichwa, na msingi wa chura unazo ncha tano ndefu. Kwa hiyo ukishika msingi wowote mkononi, kabla ya kufikiria utafanana na nini, hesabu ncha zake na upime urefu wake. Hilo ndilo swali la mkunjaji.

Kuhusu idadi, utakuta watu wanahesabu tofauti kidogo. Minne inatajwa karibu kila mahali: msingi wa tiara, wa samaki, wa ndege na wa chura. Kuna miwili ambayo ni mlango wa kuingilia mingine: msingi wa mraba na msingi wa puto. Kisha kuna ule wa kuleta pembe zote nne katikati, ambao Wajapani huuita kwa jina la zabuton, mto wao wa kukalia sakafuni, pamoja na jamaa yake wa kititia, yule anayezungushwa na upepo. Maumbo haya yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1797 kilichapishwa Kyoto kitabu kiitwacho Hiden Senbazuru Orikata, chenye maumbo 49 ya korongo walioungana, karatasi moja ikichanwa miraba kadhaa inayobaki imeshikana kwenye pembe tu, na kila mraba ukakunjwa korongo wake. Aliyeweza kufanya hivyo alikuwa na msingi wa ndege vidoleni kabisa.

Sasa kiini cha jambo. Chukua pembetatu yoyote ya karatasi, hata iliyokatwa ovyo. Gawa kila pembe yake nusu kwa mkunjo. Mikunjo hiyo mitatu hukutana kwenye nukta moja, nawe kama mwalimu wa hisabati unalijua hilo. Lakini angalia kinachofuata: ukiikunja mikunjo yote mitatu kwa pamoja na kulaza sikio linalosimama, kingo zote tatu za pembetatu huja kulala juu ya mstari mmoja. Kila pembe imegeuka kuwa ncha nyembamba. Pembetatu moja, ncha tatu.

Mraba ukiugawa kwa ulalo mmoja, yaani mstari wa kutoka pembe hadi pembe inayoikabili, unapata pembetatu mraba mbili zinazolingana. Zikunje zote mbili namna hiyo bila kuzitenganisha, umepata msingi wa samaki. Ukiugawa kwa ulalo zote mbili, pembetatu ni nne, na huo ni msingi wa ndege. Ongeza mistari miwili ya katikati, ule wa wima na ule wa mlalo, pembetatu zinakuwa nane: msingi wa chura. Umbo la pembetatu ni lile lile, nyuzi 90, 45 na 45, na mkunjo wake ni ule ule. Kinachobadilika ni idadi na ukubwa tu. Msingi wa tiara ni mwanzo wa samaki, pembe moja tu ya mraba ikiwa imefanyiwa kazi. Ndiyo maana pembe ya nyuzi 22.5, nusu ya 45, utaikuta kila mahali katika origami ya jadi.

Mimi naona hili ni jambo zuri kuliko korongo mwenyewe, na mwanafunzi wa darasa la sita analiweza.

Vipimo navyo vinatii. Kata mraba kutoka A4 yako, upande wake utakuwa sentimita 21. Samaki atakupa ncha mbili ndefu za sentimita 14.8 na mbili fupi za 6.2 hivi, ambazo ni mapezi. Ndege atakupa ncha nne za 10.5 na ile moja ya nundu yenye 4.3. Chura atakupa nne za kwenye pembe zenye 7.4, ya tano yenye urefu huo huo inayotoka katikati ya karatasi, na nne ndogo za sentimita 3 hivi zinazotoka katikati ya kila ukingo. Tazama zile ndefu: 14.8, 10.5, 7.4. Sasa chukua A4 nyingine uikunje nusu kupata A5, nusu tena A6, nusu tena A7, upime upande mfupi kila mara. Utapata namba hizo hizo. Sababu ni moja: eneo la pembetatu linapungua nusu kila hatua, na eneo la karatasi vilevile, kwa hiyo urefu hugawanywa kwa 1.41 kila mara. Wanafunzi wapimishe kwa rula kabla hujawaambia. Hicho ni kipindi kizima cha hisabati.

A4 ina zawadi nyingine. Ulalo wa mraba wa sentimita 21 ni 29.7, yaani sawasawa na urefu wa A4 yenyewe. Ukimaliza kukata mraba, laza ukingo mrefu wa A4 nzima kwenye ulalo mmoja, kisha kwenye wa pili. Zote mbili zikilingana na ukingo huo, mraba wako ni wa kweli. Moja ikizidi na nyingine ikipungua, umekata mshazari, na hakuna ufundi wa vidole utakaomwokoa korongo huyo. Hapa ndipo ninapoanza kutafuta sababu ya bawa lako refu. Karatasi ikitofautiana milimita mbili tu, tofauti hiyo haipotei. Inasukumwa hatua kwa hatua hadi mwisho, na mwisho ni kwenye ncha za mabawa.

Anza darasa na samaki. Najua wengi huanza na korongo kwa sababu anapendwa, lakini samaki anaonyesha mkunjo wa pembetatu waziwazi, bila tabaka nyingi kuuficha. Kunja ulalo mmoja, fungua. Kutoka pembe moja ya ulalo huo, leta kingo mbili zilizo jirani zikutane juu ya mstari. Hapo una tiara, waonyeshe. Fungua, ufanye vivyo hivyo kutoka pembe ya upande wa pili, fungua tena. Sasa rudisha kingo zote nne kwenye ulalo kwa mara moja. Pembe mbili zilizobaki zitasimama kama masikio. Zibane katikati uzilaze zote kuelekea upande mmoja. Karatasi itajilaza yenyewe kama alama zimepita mahali pake. Isipojilaza, usiilazimishe kwa kucha, fungua uangalie ni mstari gani haukufika kwenye pembe.

Kabla ya ndege kuna msingi wa mraba, na kwa watoto wengi hapa ndipo safari hukwama. Siri iko kwenye mwelekeo wa mikunjo. Mkunjo unaotumbukia ukiutazama tunauita bonde, unaoinuka tunauita mlima, na ukigeuza karatasi mlima huwa bonde. Weka upande wa rangi juu, au kama A4 ni nyeupe pande zote chora alama ya penseli upande mmoja uwe ndio wa rangi. Kunja ulalo zote mbili, ufungue. Geuza karatasi, upande wa rangi uwe chini. Kunja nusu kwa wima na nusu kwa mlalo, ufungue. Sasa ulalo na mistari ya katikati vimeelekea kinyume, na karatasi inataka kukunjika yenyewe: kusanya pembe zote nne pamoja, upande wa rangi ukibaki nje. Umepata mraba mdogo, robo ya ule wa kwanza, wenye kichwa kimoja kilichofunga, ambacho ni kitovu cha karatasi, na pembe nne zilizo wazi upande wa pili.

Msingi wa puto ni mikunjo hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa ndani nje. Ukikunja ulalo rangi ikiwa chini, na mistari ya katikati rangi ikiwa juu, karatasi itajikusanya kuwa pembetatu badala ya mraba. Kutoka hapo watoto wa Japani hutengeneza puto la karatasi linalopulizwa kwa mdomo. Fundisha miwili hii siku moja, mmoja baada ya mwingine, na mwanafunzi ataelewa mlima na bonde kuliko maelezo yoyote ya ubaoni. Jun Maekawa wa Japani amefungamanishwa na kanuni iliyo rahisi kuikagua hapa hapa: kwenye nukta yoyote iliyo ndani ya karatasi iliyolala bapa, idadi ya milima na idadi ya mabonde hutofautiana kwa mbili daima. Fungua msingi wa mraba utazame kitovu chake kwa upande wa rangi. Iliyofanya kazi ni milima minne na mabonde mawili. Mkunjo wa ulalo wa pili umebaki kuwa alama tu.

Sasa ndege, na kosa lako la pili. Shika msingi wa mraba, upande ulio wazi ukikuelekea. Leta kingo mbili za tabaka la juu kwenye mstari wa katikati. Kunja pembetatu ya juu ishuke juu yao, uikandamize vizuri, uifungue. Fungua na zile kingo mbili. Kisha inua pembe ya chini ya tabaka moja tu, uipeleke juu hadi mwisho, ukitumia ule mkunjo wa pembetatu kama bawaba. Ubavu wa kulia na wa kushoto utaingia wenyewe kukutana katikati. Bana, geuza, rudia nyuma. Umbo la almasi utakalopata, kutoka ncha hadi ncha, lina sentimita 21, urefu wa upande wa karatasi uliyoanza nayo. Pima. Likipungua, kuna ncha haijachongoka.

Shingo butu hutokana na sababu mbili, na nadhani kwako zipo zote mbili. Ya kwanza: pale unapoleta kingo kwenye mstari wa katikati, mkunjo lazima upite katikati kabisa ya ncha ya pembe. Ukipita pembeni kidogo, ncha inabaki na kikofia cha karatasi ambacho hakiwezi kuondoka tena. Anzia mkunjo kwenye ncha, uende nao kuelekea juu, usianzie katikati. Ya pili ni unene. Msingi wa ndege una ncha mbili zilizotengana kwa mpasuko na mbili zilizo pana upande wa pili. Shingo na mkia hutoka kwenye zile za mpasuko, nazo unazikunja kwa mara nyingine zipungue upana kabla ya kuzigeuza juu. Kwenye kukunja huko, usizigandamanishe kingo katikati. Acha uwazi mdogo, nusu milimita inatosha, kwa sababu shingo ikigeuzwa kuingia ndani, tabaka zote zitahitaji mahali pa kulala. Zikikosa, zinasukumana, shingo inavimba na karatasi inachanika kwenye kona. Mabawa ni zile ncha pana, na hayahitaji kupunguzwa.

Chura hafundishi mkunjo mpya wenye asili tofauti, anaongeza uvumilivu. Rudi kwenye msingi wa mraba. Una mikono minne ya pembetatu. Simamisha mmoja, ufungue kwa kidole, uulaze ili mkunjo wake wa mgongo uje juu ya mstari wa katikati. Fanya hivyo kwa yote minne. Kila mmoja sasa una kingo wazi mbili zinazokutana chini ya kitovu. Zilete kwenye mstari wa katikati, fungua, uinue ukingo ule juu kama ulivyofanya kwa ndege. Mara nne tena. Ncha zitakazoning'inia ni pembe nne za mraba, nazo ni miguu. Kichwa ni kile kitovu cha karatasi, na ni kinene kwa sababu kila pembetatu kati ya zile nane imechangia tabaka zake hapo. Ukiwachongoa miguu vizuri na kuwapinda, vyura hawa wanakaa mezani kwa namna inayofurahisha sana. Msingi huu huu unatoa ua la airisi, zile ncha nne zikigeuka kuwa petali, na kwa maoni yangu hilo ndilo umbo bora zaidi linalotoka humo.

Ule wa zabuton nitaupitia haraka, kwa kuwa hauna nyuzi 22.5 ndani yake, ni miraba na ulalo tu, na hata mtoto wa chekechea anauweza. Pembe nne kwenye kitovu, basi. Ukiurudia mara tatu, ukigeuza karatasi kila mara, kisha ukageuza na kufungua mifuko mitatu kati ya minne, unapata mtumishi wa kale aitwaye yakko-san. Mikunjo ya aina hii ilikuwa pia ndani ya mafunzo ya Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea, na mafunzo hayo yalipofika Japani pamoja na chekechea iliyofunguliwa Tokyo mwaka 1876, yalichanganyika na yaliyokuwapo. Kwa hiyo baadhi ya unayoyaona leo yakiitwa ya jadi yana damu mbili.

Umesikia kwamba maumbo mengi yanatoka humo. Je, ni yote? Hapana, na ni vema ujue mpaka uko wapi. Mende ana miguu sita, papasi mbili, kichwa na kiwiliwili. Hesabu ncha za ndege, hesabu za chura: ndefu hazitoshi. Wakunjaji wa kale wa Japani hawakuona vibaya kutumia mkasi, na mdudu mwenye miguu mingi alichanwa tu. Kukataa mkasi ni mkazo uliokuja baadaye. Katika karne ya 20 watu wakaanza kuvuka mpaka kwa njia nyingine, kwa mfano kukunja zabuton kwanza kisha msingi wa ndege juu yake, ili zile pembe nne zilizofichwa ndani zitoe ncha za ziada. Akira Yoshizawa, mkunjaji wa Japani aliyezaliwa 1911 na kufariki 2005, ndiye aliyeonyesha jinsi umbo la karatasi linavyoweza kuwa hai, na ndiye aliyetuachia mistari ya vipande na mishale unayoiona kwenye michoro yote. Baada yake wakaja wanaopanga ncha kwa hesabu: kila ncha inadai eneo la duara kwenye karatasi, duara zima kama inatoka katikati, nusu kama inatoka ukingoni, robo kama inatoka kwenye pembe. Robert Lang wa Marekani aliandika programu ya kompyuta ya kupanga maduara hayo. Lakini chora robo duara nne zenye nusu kipenyo cha sentimita 10.5 kwenye pembe za mraba wako wa 21, utaona zinagusana, na kati yake panabaki nafasi ya kaduara kenye nusu kipenyo cha sentimita 4.3. Huo ni msingi wa ndege, mabawa, shingo, mkia na nundu, na mafundi wa Kyoto walikuwa nao zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Kwa darasa lako ningepanga hivi: tiara na samaki kwanza, na vipimo vyake. Kisha mraba na puto siku moja. Kisha ndege peke yake, akae kipindi kizima, na korongo asikunjwe siku hiyo; wakunje msingi tu, waufungue, wapake rangi zile pembetatu nne kwa penseli, waukunje tena. Korongo aje kipindi kinachofuata. Chura waachie wanaotaka. Karatasi ya A4 ya kudurufia, ile ya gramu 80, inambeba samaki na ndege bila tabu hata ukikata mraba wa sentimita 15, ambao ndio ukubwa wa kawaida wa karatasi za origami zinazouzwa Japani. Kwa chura usishuke chini ya 21, na kama una karatasi nyepesi zaidi mpe yeye.